Mkutubi Aliyekataa Maboksi

Mkutubi wetu alikuwa mtu wa hasira, na sitaanza habari zake kwa kumsafisha. Alifoka asubuhi kwa sababu tumechelewa kufungua, akafoka jioni kwa sababu tunawahi kufunga. Siku hizi pale Iringa mjini nawasikia watu wakisema alikuwa mkali wa nje tu, moyoni mpole. Hawakumjua. Nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja, meza yangu ikiwa hatua nne kutoka yake, na nawaambia moyoni ndiko alikokuwa mkali zaidi. Kile kilichotoka nje kilikuwa kimeshapoa.

Tulimwita Mama tukiwa mbele yake, na Mkutubi tukiwa peke yetu. Jina lake sitaliandika. Wapo waliomtenda vibaya ambao bado wanakaa kwenye viti vya mbele, na sitaki wapate la kuongeza.

Maktaba yenyewe ilikuwa ya watu wa mji: ukumbi mmoja mrefu wa bati upande wa Mlandege, unaoendeshwa na kamati. Zilikuwapo nyingine mbili za namna hiyo, moja Mafinga na moja Mbeya, kila moja na kamati yake. Vitabu tulinunua pamoja, maktaba zote tatu kwa mzabuni mmoja, ili tupate bei nafuu, na mzigo wote ulishushwa stoo kwetu kwanza, tukauandaa, ndipo ukagawanywa. Hiyo bei nafuu ndiyo iliyonifanya niandike habari hizi.

Mimi nilikuwa mtu wa stoo. Kwetu ni Usangu, bondeni, ambako baba yangu alihamia na ng'ombe kutoka Usukumani, na nilipofika Iringa watu walicheka Kiswahili changu. Mkutubi hakucheka. Alinisahihisha mbele ya wasomaji, kwa sauti ya kufukuzia kuku, na baada ya nusu saa alilitumia tena neno lilelile kwa makusudi aone kama nimelishika. Nilimchukia kwa hilo kwa mwaka mzima.

Mlangoni aliweka beseni la maji, sabuni na taulo. Hakuna aliyeshika kitabu bila kunawa, awe mwanafunzi wa shule ya msingi au diwani. Iringa mwezi wa sita maji ya beseni yanauma vidole kama sindano, na wapo waliogeuza njia kwa ajili ya maji yale. Aliwaacha wageuze. Ila saa kumi na mbili asubuhi, kabla hatujafika, alikuwa anachemsha birika mbili za maji na kuyachanganya, japo baridi iliyapoza mapema, na sabuni alinunua mwenyewe. Nililigundua hilo siku niliyowahi kazini kwa bahati mbaya. Alinikuta nikiangalia, akasema, "Unashangaa nini? Chukua ufagio."

Alikuwa Mlutheri wa Jumapili zote, mwenye kiti chake upande wa kushoto. Mchungaji wake aliwahi kukaa na kitabu chetu miezi minne. Mkutubi alimtumia barua mbili, kisha Jumapili moja, wakati wa matangazo, baada ya mzee wa kanisa kutangaza msiba na ndoa, alisimama na kusema, "Na mimi nina tangazo. Kuna kitabu cha ufugaji wa nyuki kiko nyumbani kwa mchungaji. Wanaokisubiri ni watu watano, na wawili wako humu ndani." Akakaa. Kitabu kilirudi Jumatatu kabla ya chai.

"Kitabu ni cha mtu ambaye bado hajaja," alipenda kusema. Alisema hivyo kwa msomaji aliyechelewesha, kwa kamati iliyotaka kupunguza saa za kufungua, na kwangu nilipoweka boksi mahali penye unyevu. Nilidhani ni maneno tu ya kazi. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anamwona kabisa huyo mtu, njiani, anakuja.

Sasa mtu huyo mkali wa kanuni alikuwa mvunjaji wa kanuni.

Alikuwapo fundi seremala wa Mafinga, mtu wa makamo, mrefu, ambaye vumbi la mbao lilikuwa halimtoki kwenye nyusi hata akinawa mara ngapi. Jumamosi alikuwa anakuja Iringa kuleta meza na vitanda alivyouza, kisha anapita maktaba. Binti yake alikuwa anasomea uuguzi, na kitabu alichohitaji kilikuwa na alama nyekundu, kile cha kusomwa humu humu ndani. Mkutubi alikifunga kwenye gazeti, akampa. Nikafungua daftari la kuazimia.

"Acha," akaniambia.

"Siandiki, Mama?"

"Uandike nini? Ukiandika nimevunja kanuni. Usipoandika nimesahau."

Kitabu kikawa kinatoka na kurudi, kila baada ya wiki mbili, ndani ya gazeti. Ilikuwa siri ya watu watatu. Na huyo ndiye mtu aliyemtangaza mchungaji kanisani.

Jumamosi moja fundi alikuja na vitabu viwili vinavyofanana. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepata mjukuu. "Kamwene, Mama. Hiki chenu, nashukuru sana. Na hiki chetu. Tumenunua hapo chini Mlandege, binti amefurahi mpaka analala nacho."

Mkutubi alikipokea kipya, akakigeuza. Chapa ileile, jalada lilelile. "Umenunua bei gani?"

Fundi akataja.

"Bei gani?"

Akataja tena, safari hii kwa wasiwasi, akidhani amepunjwa.

Mkutubi alikwenda kwenye kabati la mafaili, akavuta ankara za mzabuni, akaanza kupitisha kidole. Nilikiona kidole kinasimama. Kitabu kilekile sisi tulilipia mara tatu ya alicholipa seremala mmoja, anayenunua kitabu kimoja, dukani, bila mkataba. Sisi tulionunua mamia kwa ajili ya maktaba tatu, tena kwa mkataba ulioandikwa kwamba bei haitazidi ile ya dukani, tulilipa mara tatu. Na chini ya bei kulikuwa na mstari mwingine: maandalizi ya kitabu.

"Njoo hapa, baba," aliniita. Aliponiita baba nilijua mambo yameharibika. "Maandalizi ni nini?"

"Sijui, Mama."

"Mfuko wa kadi humu ndani nani alibandika?"

"Mimi."

"Kwa gundi gani?"

"Ile ya unga wa ngano. Tuliyopika."

"Kava la plastiki?"

"Mimi, Mama."

"Namba ya mgongoni?"

"Uliandika wewe."

Akavuta karatasi nyingine. Ilikuwa hati ya kupokelea mzigo, na chini yake kulikuwa na sahihi yangu, ile ya mikunjo mingi niliyokuwa najivunia. Alisoma kwa sauti, mbele ya fundi na wasomaji wote: "Vitabu vimepokelewa vikiwa kamili, na vimeandaliwa tayari kwa matumizi." Akaigeuza anionyeshe. "Mistari sita. Unafanya kazi maktaba, na karatasi ya mistari sita hukuisoma."

Ilikuwa kweli. Dereva alikuwa na haraka, karatasi zilikuwa zimeshajazwa, mimi nikaweka sahihi. Mara hiyo na mara nyingine zote. Faili lilikuwa limejaa sahihi zangu.

Kuanzia siku hiyo hasira yake ilibadilika. Zamani ilikuwa inaruka huku na huko, inampata yeyote. Sasa ilipata njia moja. Alipanga rafu upya. Kila kitabu tulichonunua kwa bei ile alikiwekea kando yake pengo la vitabu viwili, pengo tupu, ubao unaonekana. Ukumbi wetu ukawa kama mdomo uliong'olewa meno. Mwenyekiti wa kamati alipouliza kuna nini, alimjibu, "Hapo ni pa vitabu vilivyoliwa. Kila tulichonunua kingeweza kuwa vitatu. Nawawekea nafasi." Watoto wa shule walikuja wakakaa wanne kwenye kitabu kimoja cha fizikia, na yeye alikuwa anasimama nyuma yao akitazama lile pengo, taya zimekaza.

Wakili aliyemwendea kwanza alimwambia bei za kuulizia kwa mdomo si ushahidi. Basi akaanza kununua. Likizo yake na Jumamosi zake alizitumia kuzunguka maduka ya vitabu ya Iringa, Mafinga na Mbeya, akinunua kwa mshahara wake vitabu ambavyo maktaba ilikuwa navyo tayari, kimoja kimoja, apate risiti. Alinunua kumi na tisa. Nilifuatana naye mara moja Mbeya, kwenye duka la mtu mmoja aliyegoma.

"Mama, mimi siandikagi risiti kwa kitabu kimoja."

"Leo utaandika."

"Kitabu cha risiti kimeisha."

"Nenda kanunue kingine. Mimi nitakulindia duka." Akavuta stuli, akakaa, akaanza kuwaambia wateja wanaoingia kwamba mwenye duka amekwenda kununua kitabu cha risiti. Yule bwana alikuwa amesimama pale pale. Aliandika.

Kamati ya Iringa haikutaka vita. "Mama, huyu mzabuni anatuvumilia, hata tukichelewa kumlipa analeta," mwenyekiti alisema.

"Atakosaje kuvumilia? Mwizi gani anakuja na haraka kwenye nyumba isiyofungwa?"

Alipewa onyo la maandishi kwa neno mwizi. Alilipokea, akalisoma lote, akasahihisha makosa mawili ya tahajia kwa kalamu nyekundu, akalirudisha. Lakini aliendelea kuwafuata wajumbe mmoja mmoja, majumbani, sokoni, kwenye misiba, mpaka kamati zote tatu zikakubali kumpa kazi wakili mwembamba, mwenye kikohozi, ambaye enzi za masomo yake alikuwa anajisomea kwenye ukumbi wetu kwa sababu chumbani kwake hapakuwa na taa. Alimwandikia mzabuni barua ya kudai tulichozidishiwa. Barua haikujibiwa. Akafungua kesi Mbeya, mzabuni alikokuwa na ofisi, kwa niaba ya maktaba zote tatu.

Nilikuwapo siku Mkutubi alipotoa ushahidi. Alivaa sweta lake la kijani na viatu vya kanisani. Mzabuni alikuwa amemleta mwanasheria mtanashati aliyesema vitabu vyote viliandaliwa kiwandani, kwa gundi maalumu na mashine, na ndiyo maana ya gharama. Mkutubi akaomba kitabu kimoja kati ya vielelezo. Akakifungua kwenye mfuko wa kadi, akamnyooshea hakimu.

"Mheshimiwa, nusa."

"Mama, jibu swali."

"Hili ndilo jibu, Mheshimiwa. Huu ni uji. Tulipika uji wa ngano kwenye sufuria ya ofisini. Hapa kuna mahali mende wamekula. Mende wa kiwanda gani anakula gundi ya mashine?"

Hakimu alinusa. Naapa alinusa, na ukumbi ukacheka, na kwa muda huo mfupi tulikuwa tunashinda.

Kisha yule mwanasheria akauliza polepole, "Mama, wewe ni mtu wa kumbukumbu sahihi?"

"Ndiyo."

"Ni kweli kuna vitabu ulivitoa nje ya maktaba bila kuviandika popote?"

Sijui walilipata wapi. Pengine fundi alisimulia kwa kujisifia, maana alimpenda sana Mkutubi na alimsimulia kila mtu. Mkutubi angeweza kukataa. Watu watatu tu ndio waliojua.

"Ni kweli."

"Vingapi?"

"Kimoja. Mara nyingi."

Safari hii kicheko kilikuwa cha upande wa pili. Hakimu akaandika, na mwanasheria akasema shahidi wa namna hii hawezi kuaminiwa kwa madaftari yake. Basi nikabaki mimi. Mimi niliyebandika ile mifuko, mimi mwenye zile sahihi. Mahakama ikapanga tarehe yangu.

Wiki moja kabla, mtu wa mzabuni alinikuta stoo. Viatu safi, sauti ya chini. Aliniita mdogo wangu. "Sahihi ni yako, si ndiyo? Uliandika kwamba vimeandaliwa. Sasa ukisema havikuandaliwa, mdogo wangu, aliyeandika uongo kwenye hati ni nani? Sisi au wewe? Hicho ni kifungo. Nimekuonea huruma tu, nikasema nikuambie." Akanipa mkono. Ulikuwa laini kama wa mtoto.

Siku ya kesi sikwenda Mbeya mjini. Nilishukia njiani, nikaingia Usangu kwa baba yangu, nikazima simu. Mke wangu nilimwagiza aseme nina malaria. Baba alikuwa anakamua. Aliniuliza, "Umekuja kwa habari gani?"

"Kuwasalimia tu, Baba."

Siku ya tano aliniambia, "Salamu zako ni ndefu." Hakuuliza zaidi. Nilishinda nyuma ya ng'ombe nikiona aibu hata mbele yao.

Bila mimi, wakili alikosa mtu wa kuthibitisha mifuko ile. Shauri likaahirishwa, na kwenye muda huo mzabuni akazungumza na kamati pembeni. Iringa na Mafinga zikakubali yaishe nje ya mahakama. Mzabuni hakukiri kosa lolote. Alisema, kwa moyo wa kusaidia elimu, atatufidia kwa vitabu.

Vililetwa kwa lori la mbao lililokuwa linarudi tupu. Maboksi arobaini na mawili. Mkutubi alifungua matatu palepale barazani. La kwanza lilikuwa na vitabu vya mtaala uliokwishaachwa. La pili lilikuwa na kitabu kimoja tu, nakala nyingi, cha kujaza fomu za kodi za nchi ya mbali ambayo hakuna mtu wa Mlandege aliyewahi kufika. La tatu lilikuwa na shajara za mwaka uliopita. Shajara! Maktaba ilikuwa inalipwa kwa siku zilizokwishapita.

Akasimama mlangoni, mikono ameshika fremu huku na huku. "Hayaingii."

Mwenyekiti wa kamati alikuwapo. "Mama, tumeshakubaliana."

"Mmekubaliana nyinyi. Mimi ndiye ninayepanga rafu. Nitawawekea hawa watoto fomu za kodi? Rudisha."

Dereva akasema yeye hawezi kuondoka bila sahihi. Mwenyekiti akamtazama Mkutubi, akaona hakuna kitu hapo, akanigeukia mimi. "Wewe ni mtu wa stoo. Weka sahihi."

Nilichukua ile karatasi. Safari hii niliisoma. Niliisoma yote, neno kwa neno, pale iliposema kwamba tumepokea vitabu vyenye thamani ya madai yetu na kwamba hatuna dai jingine. Niliielewa vizuri kabisa. Nilikuwa na watoto wawili shule, na mwenyekiti alikuwa ananitazama. Nikaweka sahihi.

Mkutubi hakunifokea. Katika miaka yote kumi na mmoja hiyo ndiyo siku pekee. Alishusha mikono kutoka kwenye fremu, akaingia ndani, akavaa sweta lake, akatoka katikati ya maboksi bila kumtazama mtu. Mwisho wa mwezi kamati ikaandika kwamba mkataba wake hautaendelea. Mapengo kwenye rafu tuliagizwa tuyazibe kwa kile kilichopo, nami nikayaziba kwa shajara.

Nataka niseme jambo hapa, maana nimelikalia muda mrefu. Mzabuni alikuwa mwizi, sawa, na siogopi tena hilo neno. Lakini mwizi mmoja hawezi kubeba maktaba tatu peke yake. Anahitaji mwenyekiti anayependa amani. Anahitaji mtu wa stoo mwenye haraka, na baadaye mtu huyohuyo akiwa na hofu. Anahitaji watu wastaarabu wa kumwambia mwanamke mmoja apunguze sauti. Sisi wote tulikuwa wapole, na upole wetu ulimlipa yule bwana vizuri kuliko ankara zake.

Ikapita miaka mitatu. Fundi wa Mafinga alikuja kurekebisha madirisha ya ukumbi. Akiwa juu ya ngazi aliniambia, bila kunitazama, "Mama yuko Mbeya. Ilomba, kwa dada yake. Kesi bado ipo."

"Kesi ipi? Iliisha."

"Ilikwisha ya kwenu na ya kwetu. Kamati ya Mbeya haikusaini. Alihamia kule akawakalia kooni. Alipanga rafu zao mwaka mzima bila mshahara, wasimwambie yaishe. Wiki ijayo inasikilizwa."

"Amekutuma?"

"Amenikataza nisikuambie." Akapiga msumari. "Mimi kosa langu nililiungama. Nilimwambia mdomo wangu ndio uliomponza. Alinifokea saa nzima, kisha akanipa chai."

Nilikwenda. Nilimkuta uani Ilomba, mvua ya Mbeya imetoka kukatika, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda, na mguu mmoja ameunyoosha kwenye stuli. Nilimwamkia. Aliitikia bila kuacha kuchambua.

"Mama, siku ile sikuwa na malaria."

"Najua. Nilimpigia mkeo, akasema malaria, halafu akalia. Mtu halii hivyo kwa malaria."

"Naomba unisamehe."

"Hapana." Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Umekuja kusamehewa au umekuja kutoa ushahidi? Maana hilo la kwanza sina muda nalo."

"Ushahidi."

"Wanaweza kukuuliza kwa nini uliandika uongo."

"Nitasema sikusoma."

"Na ile ya pili? Ya maboksi?"

"Nitasema nilisoma."

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. "Kaa," akasema. "Chambua upande ule."

Nilitoa ushahidi. Yule mwanasheria mtanashati alinivua nguo mbele za watu, swali baada ya swali, na nilijibu yote: sikusoma, niliogopa, nilikimbia, nilisoma nikasaini. Nilieleza jinsi ya kupika gundi ya ngano. Hakuna aliyenipeleka jela. Kile nilichokihofia miaka mitatu hakikuwapo kabisa. Mtu mmoja mwenye viatu safi alinitishia nacho, nami nikakibeba mwenyewe.

Siku ya hukumu hakimu alisema mzabuni airudishie maktaba ya Mbeya gharama zote za maandalizi, maana hakuna maandalizi yaliyofanyika. Lakini kuhusu bei za vitabu, alisema kamati ilipokea ankara na kuzilipa mwaka hadi mwaka bila kulalamika, kwa hiyo ni kama ilizikubali. Dai hilo likatupwa.

Kwenye korido wakili alikuwa anacheka na kukohoa kwa pamoja. "Mama, tumeshinda!"

"Tumeshinda uji," Mkutubi alisema. "Bei hatujashinda. Kata rufaa."

"Mwenye kesi ni kamati, Mama. Mimi na wewe hatuwezi. Mwenyekiti wa Mbeya amenipigia sasa hivi, amesema wanashukuru, inatosha."

"Inatosha?" Alilisema neno hilo kwa sauti ndogo. Nilingoja afoke. Akakaa kwenye benchi la mahakama, akaushika ule mguu mbovu kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Yalikuwa ya hasira tupu, ya mtu aliyefika mwisho wa kinachoruhusiwa na kukuta mlango uko mikononi mwa mtu aliyechoka haraka.

Nilikuwa sijawahi kumpandishia sauti mkubwa maishani mwangu. Nilimwomba wakili simu. Mwenyekiti wa Mbeya akapokea, akidhani ni wakili tena.

"Mwenyekiti," nikasema, "mimi ndiye mtu wa stoo wa Iringa. Mimi ndiye niliyesema inatosha, kule kwetu. Nimeziba rafu kwa shajara za mwaka uliopita, na watoto wanakuja wanazifungua, wanakuta kurasa tupu. Usiseme inatosha. Una siku za kukata rufaa. Hukuibiwa wewe, ameibiwa mtu ambaye bado..." Sauti ilinipanda, watu kwenye korido wakageuka, karani akatoka nje kutuangalia. "Usikate simu! Nasema usikate..."

Akakata.

Nikabaki na simu mkononi, napumua kama nimepanda mlima. Mkutubi alikuwa ananitazama, uso bado umelowa.

"Mpigie tena," akasema.

Nikampigia.